Mleta mada, zima hiyo kamera kwanza

Mleta mada, nimelisoma bandiko lako mara mbili, na mara ya pili nilikwama kwenye sentensi ile unayosema kwamba mzee mwenyewe “haelewi sana mambo haya, ila mkwewe ameshatusainia fomu”. Nakuomba usirekodi chochote kabla hujamaliza kusoma ninayoandika hapa. Sitaanza kwa kuusifu moyo wako wa kujitolea, kwa sababu sifa za namna hiyo ndizo nilizomiminiwa mimi nilipokuwa nakaribia kufanya jambo hilohilo, nazo zilinilewesha kiasi kwamba sikumsikia mtu pekee aliyekuwa akiniambia ukweli.

Kwa wanaoingia katika uzi huu bila kuona ulikoanzia, mleta mada na kikundi chake wanaandaa Siku ya Kimataifa ya Wazee, tarehe 1 Oktoba. Wamempata mzee wa miaka 81, anayesikia kwa shida, ambaye watoto wake wanatumia fedha zake na kumfungia ndani mchana kutwa, wanataka kumrekodi akisimulia mateso hayo, kisha waionyeshe video ukumbini na kuisambaza mtandaoni. Wanauliza ni maswali gani yatamfanya mzee “afunguke”, ni mikataba gani ya kimataifa waitaje katika hotuba, waombeje kibali cha maandamano, waanzisheje dawati la msaada wa kisheria, na watapimaje kama kampeni imefaulu. Sasa hebu rudi kwenye maneno yako mwenyewe: wanaotuhumiwa ni watoto, na aliyetoa ruhusa ni mke wa mmojawao. Umemwomba idhini mtu anayekaa upande wa pili wa ufunguo.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa katibu wa kikundi kama chenu. Tulikuwa watu kumi na mmoja, na mwenye umri mkubwa kuliko wote nilikuwa mimi, nikiwa na miaka 34 pamoja na maumivu ya kiuno yaliyonipa heshima nisiyoistahili. Tulichapisha bango lenye methali isemayo kwamba penye wazee haliharibiki neno, tukalitundika katika chumba cha mikutano ambamo hamkuwa na mzee hata mmoja, na humo ndimo neno lilimoharibikia.

Tulimleta mtaalamu wa mawasiliano, au tuseme mtu aliyejitambulisha hivyo na kuvaa hivyo. Katika kikao cha kwanza alitutangazia kwamba watu hawachangii haki, huchangia machozi, nasi tukayaandika maneno hayo katika madaftari yetu kana kwamba tumeshushiwa wahyi. Alitufundisha kwamba mzee anayezungumza kwa utulivu “hauziki”, kwamba mavazi nadhifu huwapa watazamaji shaka, na kwamba kwa watu wa umri ule saini ya mlezi inatosha. Nikikumbuka jinsi nilivyokuwa nikitikisa kichwa kukubali, natamani nirudi nyuma nikishike kichwa hicho kwa mikono miwili nikitulize. Mtaalamu huyo hajawahi kuomba radhi, na mara ya mwisho nilipopata habari zake alikuwa akiendesha semina kuhusu maadili. Sijui kama nicheke au nijiandikishe nihudhurie.

Tuliyemrekodi nitamwita Bibi tu, maana jina lake tulikwisha kulitumia vya kutosha. Alikuwa na miaka 79, alikuwa amefanya kazi ya ufundi cherehani kwa zaidi ya miaka thelathini, na alikuwa akilipwa pensheni. Mpwa wake aliyekuwa akiishi katika nyumba yake alishika kadi ya benki pamoja na namba ya siri “ili kumpunguzia usumbufu”, na kila mwezi alimkabidhi Bibi kiasi ambacho yeye mwenyewe aliona kinamtosha. Hakumpiga wala hakumtukana, na pengine ndiyo sababu majirani walimwona kijana mwema. Habari hizi tulizipata kwa mjukuu wa Bibi, msichana mwenye nia njema na haraka nyingi, na huyohuyo ndiye aliyetusainia fomu ya ridhaa kwa niaba ya bibi yake, ambaye wakati huo alikuwa ameketi hatua tatu kutoka kwenye meza ya kusainia.

Siku ya kurekodi tulimkuta amevaa gauni alilolishona mwenyewe, lenye kola iliyokatwa kwa ustadi ambao sijauona tena, na miwani yake ameifuta. Mtaalamu wetu alimtazama kwa muda, akamwomba abadilishe gauni avae lile la kazi za nyumbani, avue miwani kwa sababu inarudisha mwanga, na akae sakafuni badala ya kitini. Bibi aliuliza swali moja ambalo bado ninalisikia: “Kwani mnataka kunipiga picha mimi, au mnataka kupiga picha shida?” Tulicheka. Tulilichukulia kama mzaha wa kizee, tukamkalisha sakafuni.

Kisha tukawasha taa. Bibi alikuwa na mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na taa ile kali ilimchoma mpaka machozi yakaanza kumtiririka. Mtaalamu alimnong’oneza mpiga picha aivute sura karibu. Basi yale machozi yaliyotazamwa na maelfu ya watu, yaliyowafanya waandike chini ya video kwamba hawakulala usiku kucha, hayakuwa machozi ya mateso wala ya upweke. Yalikuwa machozi ya taa yetu. Alichokuwa akikisema Bibi huku akijifuta kilikuwa kitu kikavu na dhahiri kabisa, kwamba anataka arudishiwe kadi yake na kwamba anatafuta mtu wa kumsindikiza benki siku moja asubuhi. Sentensi hizo mbili, ambazo ndizo zilikuwa madai yake ya haki, tuliziondoa wakati wa kuhariri kwa kuwa zilipunguza hisia.

Badala yake tuliweka maneno yetu. Kichwa cha video kilisomeka hivi: “Kabibi kasikojiweza: kanaibiwa na hakajui hata fedha zake ziko wapi.” Nimeyanakili neno kwa neno ili mwone wenyewe. Mwanamke aliyeshona mashati ya mtaa mzima tulimshusha hadi ngeli ya vitu vidogo, tukampachika “ka-” kila mahali penye nafasi, tukidhani huo ndio upole. Hata wewe, mleta mada, umemwita mzee wako “kikongwe” mara nne, jambo ambalo nisingelitaja kama lisingekuwa sehemu ya ugonjwa wenyewe. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 kuhusu ubaguzi wa umri ilikadiria kwamba mtu mmoja kati ya wawili ana mitazamo ya kuwabagua wazee. Katika kikundi chetu hesabu ilikuwa watu kumi na mmoja kati ya kumi na mmoja, na sote tulikuwa tumevaa fulana za kampeni ya kuwatetea. Tena madai yenyewe yalikuwa ya uongo, kwa sababu Bibi alijua vizuri fedha zake zilikuwa wapi. Zilikuwa mfukoni mwa mpwa wake, na alikuwa ametuambia hivyo kamera ikiwa imewashwa.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hili ndilo lililonifanya niandike gazeti zima usiku huu badala ya kulala. Video ilitoka tarehe 1 Oktoba na michango ikaja kuliko tulivyowahi kuota. Siku ya tatu mpwa aliiona. Laiti angefoka, tungemripoti tukaonekana mashujaa. Hakufoka. Alichukua simu ya Bibi “ili asisumbuliwe na waandishi”, kisha akaipeleka video yetu katika ofisi iliyokuwa ikishughulikia pensheni, akiwa na barua ya kuomba aandikishwe rasmi kuwa mpokeaji wa malipo kwa kuwa shangazi yake hajiwezi wala hajui fedha zake ziko wapi. Alitumia maneno yetu yaleyale, yakiwa na nembo yetu pembeni. Hakuhitaji cheti cha daktari, kwa sababu alikuwa na ushahidi wa kikundi cha kutetea haki za wazee. Ofisi ilimkubalia kwa muda, na huo muda ukaanza kunyooka kama barabara. Mtu aliyekuwa ameshika kadi kwa hila sasa alikuwa ameishika kwa mhuri. Tulimkuta mwizi dirishani tukamfungulia mlango wa mbele na kumwandikia stakabadhi.

Hapo tulikuwa bado hatujajua hasara kubwa zaidi. Niliijua miezi mingi baadaye, Bibi mwenyewe aliponieleza, akinena taratibu kama mtu anayemfundisha mwanafunzi mzito kushona kifungo. Alikuwa na mpango wake. Alikuwa amepangiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na aliyekuwa ameahidi kumpeleka na kumrudisha ni mpwa yuleyule. Alikuwa amekusudia kunyamaza mpaka macho yapone, kisha aende benki mwenyewe, asome karatasi zake mwenyewe, abadilishe namba ya siri, na ndipo amwambie kijana atafute pa kuishi. Ukimya wake tulioutafsiri kuwa unyonge ulikuwa subira ya mtu anayepiga hesabu. Baada ya video, mpwa aligoma kumpeleka, na tarehe ya upasuaji ikapita. “Mngeniuliza,” aliniambia, “ningewajibu mngoje miezi mitatu.”

Watu hupenda kutaja takwimu ya Shirika la Afya Duniani kwamba katika kila watu sita wenye umri wa miaka 60 na kuendelea, mmoja hivi hufanyiwa aina fulani ya ukatili katika jamii ndani ya mwaka mmoja, na ile nyingine kwamba kati ya matukio 24 huripotiwa moja tu. Nilikuwa nikiisoma hiyo ya pili majukwaani kwa sauti ya huruma, nikieleza kwamba wazee hawaripoti kwa kuwa hawajui haki zao. Wengine ni kweli hawazijui. Lakini anayemdhulumu mzee nyumbani mara nyingi ni mwanawe, mkwewe, mwenzi wake au ndugu aliye karibu, na huyohuyo ndiye anayemletea dawa, anayemfungulia mlango, na anayempigia simu daktari. Mzee huyo anapima dhuluma anayoijua dhidi ya kuachwa peke yake, na hesabu hiyo ni yake kuifanya. Ukiingia na kamera yako bila kuiona, unaivuruga, kisha unakwenda zako nyumbani unakolala salama.

Juu ya fomu ya ridhaa sitakuwa mpole. Mtu hapotezi uwezo wake wa kisheria kwa kufikisha miaka 79 wala 99. Mtu mzima anahesabiwa kuwa anaweza kuamua mambo yake mpaka ithibitishwe vinginevyo, na hata ikithibitishwa inapaswa iwe kwa jambo fulani na kwa wakati fulani. Mzee anaweza kushindwa kufuatilia mkataba wa mauzo wenye kurasa ishirini, na bado akajua kwa uhakika kabisa kama anataka uso wake uonekane na watu wasiomjua. Kusahau jina la waziri au tarehe ya leo si kibali cha mtu mwingine kumsainia. Mkataba wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, katika ibara yake ya 12, unatambua kwamba mwenye ulemavu ana uwezo wa kisheria sawa na wengine na kwamba anapohitaji msaada wa kuamua apewe msaada huo, na kamati inayousimamia ilifafanua mwaka 2014 kwamba mifumo ya kumwamulia mtu iachwe, nafasi yake ichukuliwe na ile ya kumsaidia aamue mwenyewe. Ikiwa hivyo ndivyo kwa mtu aliye na ulemavu wa akili, ni nani aliyekuambia kwamba mzee wako, ambaye kosa lake ni kusikia kwa shida, asainiwe na mke wa mtoto anayemfungia?

Nawe utaniambia, kama nilivyojiambia mimi, kwamba mzee “haelewi”. Je, ulimwambia saa ngapi? Ulikuwa upande wa sikio lake zima? Alikuwa amevaa miwani? Ulimwonyesha karatasi yenye herufi kubwa, au ile yenye vidudu vyeusi ambavyo hata mimi huvisaini bila kuvisoma? Fomu yetu ilikuwa na herufi ndogo kiasi kwamba mtu mwenye macho mazima alihitaji dirisha, nasi tukaiweka mbele ya mwanamke mwenye mtoto wa jicho, kisha tukaandika katika ripoti kwamba “mlengwa hakuweza kufuatilia maelezo”. Daktari aliyekuja kumpima baadaye, kwa ombi la wakili aliyejitolea, alifanya jambo ambalo sisi sote kumi na mmoja hatukulifikiria. Mjukuu alipoanza kujibu maswali, daktari alimshukuru, akamwomba atoke, akavuta kiti mpaka mbele ya Bibi, akamuuliza yeye. Mazungumzo yalichukua kama nusu saa, na karibu nusu ya hiyo nusu saa Bibi alikuwa akimkosoa daktari jinsi koti lake lilivyoshonwa. Cheti kilisema kwamba ana akili timamu na anaweza kusimamia fedha zake.

Kulirudisha lile jambo lilipokuwa kulichukua miezi kumi na mmoja. Kulikuwa na barua, rufaa, wakili ambaye hatukumlipa na ambaye nitamsalimu kwa kuinama maisha yangu yote, pamoja na aibu ya kusimama mbele ya ofisa na kutamka kwamba maelezo ya video yetu wenyewe hayakuwa ya kweli. Upasuaji ulipangwa upya, ukafanyika, na kadi ikarudi mikononi mwa mwenyewe. Video hatukuweza kuirudisha. Tuliifuta siku ile ile tulipojua, lakini nakala zilikuwa zimeshaenea, na mpaka leo kuna watu wanaoituma kila Oktoba wakiambatanisha vikaragosi vya kulia. Mtu mmoja humu ameshakupendekezea umfiche mzee uso. Sisi tulijaribu hilo katika toleo la pili, na halikusaidia kitu, kwa maana cherehani lake lilionekana nyuma, sauti ilikuwa yake, na kila aliyewahi kupimwa nguo pale alimtambua kabla ya sekunde kumi kwisha.

Kwa hiyo swali lako la kwanza, la namna ya kumfanya “afunguke”, silijibu, na ningekuwa na uwezo ningelifuta. Nina sharti moja tu, nalo nimelinunua kwa bei ambayo mwingine ndiye aliyeilipa: lisitoke neno wala picha ya mzee kabla hajaulizwa yeye mwenyewe, akiwa peke yake, mara mbili kwa siku mbili tofauti, na akakubali mara zote mbili. Peke yake maana yake ni kwamba mkwe, mtoto, mjukuu mwema na jirani mwenye huruma hawamo chumbani wala nyuma ya pazia. Mara mbili ni kwa sababu siku ya kwanza mtu hukubali ili kukuridhisha wewe mgeni, hasa mzee aliyezoea kwamba anayemtembelea anataka kitu. Usiku ule hulala na jambo, na siku ya pili ndipo hukupa jibu lake.

Wala usimuulize kama anakubali kurekodiwa tu, kana kwamba ni kumuuliza kama atakunywa maji. Anza kwa kumuuliza anataka nini kibadilike, kisha nyamaza kwa muda mrefu kuliko unavyoweza kuvumilia. Muulize nani atakasirika akisikia, huyo anayekasirika analala chumba gani, na nani anashika simu, dawa na ufunguo. Mweleze bila kumpamba kwamba kilichotupwa mtandaoni hakirudi. Mwambie anaweza kusema hapana leo, kesho, au dakika tano kabla ya kuanza, na kwamba msaada mtakaompa hautapungua kwa hapana hiyo. Akikubali, yeye ndiye achague avae nini, akae wapi, ajulikane kwa jina gani, na ndiye awe mtu wa kwanza kuitazama video iliyokamilika, akiwa na mamlaka ya kukata sentensi yoyote, hata ile mliyoipenda kuliko zote. Hasa hiyo mliyoipenda kuliko zote.

Najua kuna atakayesema kwamba sharti hili litaua kampeni zote. Litaua baadhi, ndiyo, na yetu ingestahili kufa mapema.

Kuhusu mikataba, hotuba yako usiijaze majina mpaka wasikilizaji wasinzie. Chukua Kanuni za Umoja wa Mataifa kwa ajili ya Wazee, zilizopitishwa na Baraza Kuu tarehe 16 Desemba 1991. Ziko 18, zimepangwa katika mafungu matano ya kujitegemea, kushiriki, kutunzwa, kujiendeleza na utu. Kila mtu hukimbilia ile ya 17, isemayo kwamba wazee waishi kwa heshima na usalama bila kunyonywa wala kuteswa. Sisi tuliichapisha mgongoni mwa fulana zetu, na laiti tungeichapisha ya 7 kifuani, ile isemayo kwamba wazee washiriki kikamilifu katika kutunga na kutekeleza sera zinazogusa ustawi wao. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la 1948 ukilitaja, angalia kwamba uzee umo katika ibara ya 25, umepangwa pamoja na ugonjwa, ujane na kukosa kazi, yaani katika orodha ya mikosi. Umri haukutajwa kwa jina katika ibara ya 2 inayokataza ubaguzi. Ndiyo sababu wazee wenyewe wamepigania mkataba wao. Amerika wana wao tangu 2015, Afrika ina itifaki iliyopitishwa mwaka 2016 na kuanza kutumika Novemba 2024, na mwezi Aprili 2025 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa liliamua kuunda kikundi kazi cha serikali za nchi mbalimbali cha kuandika mkataba wa dunia nzima utakaozifunga nchi kisheria. Ukumbini sema hilo kwa dakika mbili, kisha mpe kipaza sauti mtu mwenye umri wa kutosha kulisema vizuri kuliko wewe.

Dawati la msaada wa kisheria ni wazo zuri, na nina neno moja tu juu yake: nani atakaa nyuma ya hilo dawati? Kanuni ya 9 katika zile 18 inawapa wazee haki ya kuunda vyama vyao wenyewe. Maggie Kuhn alipolazimishwa kustaafu nchini Marekani kwa sababu tu ametimiza miaka 65, hakusubiri vijana waje wamrekodi akilia; yeye na wenzake walianzisha mwaka 1970 harakati iliyokuja kuitwa Gray Panthers. Baada ya aibu yetu, kikundi kilipoanza upya, tulitenga nusu ya viti vya kamati kwa watu waliovuka miaka 60. Kikao cha kwanza walifuta bango letu la methali, cha pili wakafuta cheo changu, na nakiri kwamba barua wanazoandika wao kwenda kwenye ofisi hujibiwa haraka kuliko nilizokuwa nikiandika mimi kwa vishazi vyote vile. Bibi alialikwa kujiunga. Alikataa, akasema ana kazi za watu hazijakwisha kushonwa.

Basi mleta mada, ile fomu ya mkwe ichane leo. Jua ni saa ngapi nyumba ile huwa haina mtu mwingine, uende bila kamera, bila fulana na bila mwenzako wa kupiga picha za “nyuma ya pazia”. Mwamkie, kaa upande anaosikia vizuri, na usilitaje tukio lenu mpaka yeye akuulize umefuata nini. Kama amefungiwa ndani hata sasa hivi ninavyoandika, hilo ni jambo la kuwafikia wanaohusika na usalama wake kwa simu, usiku huu, wala si la kungoja Oktoba. Ila kama unaweza kumfikia kwanza, hata dirishani, muulize yeye angependa umpigie nani. Kisha rudi kesho yake umuulize tena. Akisema hapana, turudie hapa, tutakusaidia kutafuta cha kuwaonyesha watu katika hizo dakika tano za ukumbini.